Msibani Baba Yetu ilitugawa katikati. Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini, tuna umoja au tunazikana tu?

#1 Kiwira Juu
Wakuu, heshima kwenu.

Ijumaa iliyopita tulimzika mama mkubwa huko kwetu Rungwe. Iliwekwa Ijumaa kwa sababu mwanawe wa kiume ni Msabato, familia ikakubaliana isiwe Jumamosi. Mama mwenyewe alizaliwa Mmoravian, akaolewa kwa Wakatoliki na amezikwa Mkatoliki. Binti zake wawili wameokoka. Kwa hiyo pale kaburini, nyuma ya nyumba kati ya migomba, tulikuwa na katekista (paroko alikuwa na mazishi mengine), mchungaji wa Moravian aliyepewa dakika tano za neno, wazee kutoka kanisa la mabinti, na mvua ya Tukuyu ambayo haina dhehebu. Turubai limejaa maji katikati, limening'inia kama tumbo la ng'ombe, vijana wanalisukuma kwa mpini wa jembe yanamwagikia wazee wa upande wa pili.

Mpaka hapo shwari. Katekista akasema tusali sala aliyotufundisha Bwana. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe", sauti moja, hadi nikasikia raha. Halafu ikapasuka. Kulia kwangu "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", kushoto kwangu "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Kila upande ukapandisha sauti. Wakatoliki wakafika "utuopoe maovuni" wakatia Amina, na ile Amina ikatua katikati ya "kwa kuwa ufalme ni wako" ya wenzao. Mjukuu mmoja wa miaka sita hivi akaangua kicheko. Alifinywa, lakini ukweli ni kwamba wengi tulitaka kucheka.

Nimerudi Mbeya na swali. Mkoa wetu unasemwa unaongoza kwa makanisa nchi nzima. Sala moja fupi tumeshindwa kuisema pamoja mbele ya jeneza. Ni nini hasa kinachotutenga? Mafundisho? Pesa? Ukabila? Au mimi ndiye natafuta tatizo pasipo na tatizo?

#2 Parachichi
Nimeweka kiti. Ngoja waje.

#3 Uyole Stendi
Pole kwa msiba mkuu. Ila hilo la "Mbeya inaongoza kwa makanisa" nani alihesabu? Kila mtu analisema, nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia kwa mwalimu, sijawahi kuona mtu aliyepita na daftari. Ninachojua mtaani kwetu kuna matano kwenye barabara moja, na Jumapili spika zao zinapigana kama bajaji zinazogombea abiria.

#4 Mzee wa Kidugala
Vijana, mnaanza hadithi katikati. Anzeni na ramani.

Wamisionari wa Kimoravian na wale wa misheni ya Berlin (Walutheri) walifika huku mwaka mmoja, 1891. Wamoravian wakajenga Rungwe. Wa Berlin wakaanza upande wa Ziwa Nyasa na Manow, baadaye wakapanda Ukinga, Ubena mpaka Uhehe. Hawakugombana, walikaa wakagawana nchi: nyinyi magharibi, sisi mashariki. Ndiyo maana hadi leo ukienda Mwakaleli au Matema unakuta Walutheri, ukienda Rungwe, Isoko au Mbozi unakuta Wamoravian. Babu yako hakuchagua dhehebu, lilichaguliwa na mlima aliozaliwa upande wake. Sasa mtu anakuja kuniambia hapa imani yake ni ya kweli kuliko ya mwenzake ng'ambo ya mto!

Wakatoliki nao hawakuuliza mpaka wa mtu, waliingia kwa njia zao. Iringa ni Wakonsolata pale Tosamaganga tangu mwanzo.

#5 Mnyalu wa Kihesa
Kamwene mzee. Nakusahihisha kidogo kwa heshima. Tosamaganga ilianzishwa na Wabenediktini, enzi za Wajerumani, miaka ya 1890. Wakonsolata ni Waitaliano, walipokea baada ya Vita ya Kwanza Wajerumani walipoondolewa. Hayo mengine uko sahihi. Kwetu ni vilevile: ukitoka Pommern wewe Mlutheri, ukitoka Tosamaganga wewe Mkatoliki, hakuna anayekuuliza mara mbili.

#6 Chai ya Rangi
Mzee #4 umenena. Ila Moravian si wametoka Uingereza?

#7 Mzee wa Kidugala
#5 nimekubali, asante mwanangu.

#6 hapana. Asili yao ni Bohemia na Moravia, nchi ya akina Jan Hus aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415. Walipoteswa kwao wakakimbilia Ujerumani, wakajenga kijiji cha Herrnhut mwaka 1722 kwenye ardhi ya bwana mmoja aitwaye Zinzendorf. Wale waliokuja Rungwe walikuwa Wajerumani.

#8 Shemasi Mstaafu
Jamani, ramani haielezi kila kitu. Mbona Mlutheri na Mmoravian waliogawanywa na hiyo ramani leo wanapokeana? Mimi ni Mlutheri, nikienda likizo kwa wakwe Tukuyu nashiriki meza ya Bwana kwa Wamoravian bila mtu kunitazama vibaya. Wote tunabatiza watoto, wote tuna kipaimara. Lakini nikienda kwa Wakatoliki, mezani siendi. Nikienda kwa walokole, hata ubatizo wangu hauhesabiki, wananitaka niingie kwenye maji mengi upya. Hapo hatuzungumzii mlima wala mto, ni mafundisho. Ekaristi ni nini, ubatizo ni nini, nani ana mamlaka ya kuziadhimisha. Watu wamechinjana Ulaya kwa maswali hayo, sisi tusijifanye ni suala la lafudhi ya Baba Yetu.

#9 Katekista wa Zamani
Ndugu wa #8, kwa upande wetu Wakatoliki niweke wazi: ubatizo wako unahesabika. Mlutheri au Mmoravian akija kwetu habatizwi tena, anapokelewa. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulilisema hilo mwaka 1964 kwenye hati ya umoja wa Wakristo. Meza ndiyo bado.

Na kwa mleta uzi: ile "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu" na sisi tunaisema kwenye Misa. Haigandi moja kwa moja kwenye Baba Yetu, padre anasali kwanza sala fupi katikati, ndipo watu wanaitikia. Msibani hakuna padre, hakuna ile sala ya katikati, kwa hiyo tunaishia "maovuni". Mngesubiri sekunde kumi tungefika wote!

#10 Kiwira Juu
#9 😂😂 Sikulijua hilo. Nilidhani ni maneno ya Waprotestanti peke yao.

#11 Shemasi Mstaafu
Na si maneno ya Waprotestanti hata kidogo. Fungua Mathayo 6:13 kwenye Biblia ya Union, utayakuta kwenye mabano, kwa sababu nakala za kale zaidi hazina. Hiyo tafsiri yenyewe ya Union ilitoka 1952, ikaunganisha maneno ya Waprotestanti wa Unguja na wa Mombasa ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Wakatoliki walikuwa na sala zao tayari, wakabaki nazo. Kwa hiyo kinachopigana pale kaburini ni wafasiri wawili ambao hawakukaa meza moja.

#12 Uyole Stendi
Mimi ninachopenda ni hili: Mkatoliki anaomba asamehewe "makosa", sisi wa Biblia tunaomba tusamehewe "deni". Ndiyo maana walokole wa kikundi chetu cha kukopeshana hawalipi. Wameshasamehewa.

#13 Parachichi
#12 😂😂😂 kiti kimeanguka

#14 Mama wa Makambako
Nyinyi mnacheka, mimi nililia. Nilikuwa KKKT (Kanisa la Kilutheri), mchumba wangu Mkatoliki. Tulikaa miaka mitatu hatufungi ndoa. Kwao walitaka kibali cha ndoa ya mseto na yeye aahidi kujitahidi watoto wabatizwe Ukatoliki. Kwetu baba akasema hatakuja kanisani kama sifungii kwetu. Mama mkwe akaniambia jikoni, huku anachambua mboga, hata hakuinua uso: "Mwanangu, Mungu ni mmoja lakini mwenye nyumba ni mmoja pia." Nimeolewa, nina watoto wanne, wote Wakatoliki. Baba alikuja kwenye ubatizo wa wa nne. Wa kwanza, wa pili, wa tatu hakuja.

Jumapili tunatoka nyumbani pamoja wote sita, tukifika njia panda mimi nakata kushoto, wao kulia. Mchana tunakula pamoja. Wale wanaosema hapa "tofauti za madhehebu si kitu" waje wasimame na mimi pale njia panda Jumapili moja.

#15 Kiwira Juu
Pole mama. Umenigusa.

#16 Fundi wa Mabati
Mnazunguka mbuyu. Mimi naezeka makanisa, nimeezeka Mbalizi, Tunduma, Vwawa, mpaka Chunya. Nimeezeka kanisa, baada ya mwaka mmoja nimeitwa kuezeka lingine mita mia mbili kutoka pale, waumini walewale nusu. Nikauliza kulikoni. Mafundisho hayajabadilika hata nukta! Ni mchungaji msaidizi na mhasibu waligombana juu ya sadaka ya ujenzi. Sadaka hiyohiyo iliyonilipa mimi, na salio langu hadi leo sijaliona, upande huu unasema nidai kule, kule wanasema nidai huku.

Mtu akiniambia Ekaristi namheshimu. Ila asilimia kubwa ya migawanyiko ninayoiona mimi kwa macho ni kapu la sadaka, gari na kiti cha mbele.

#17 Shemasi Mstaafu
Fundi, hayo ni ya makanisa ya vibandani. Makanisa ya kihistoria yana katiba.

#18 Fundi wa Mabati
Katiba! Mzee wangu, wewe wa KKKT, mvutano wa Dayosisi ya Konde ulikuwa wa vibandani? Makao makuu yakae Tukuyu au yahamie Mbeya mjini, watu wakafika kufungiana milango.

#19 Shemasi Mstaafu
Umenipiga pabaya. Nanyamaza kwa muda.

#20 Msimamizi wa Jukwaa
Hilo la Konde lina uzi wake. Msilete majina ya watu hapa. Endeleeni na mada.

#21 Binti Busokelo
Kwa hilohilo bila majina: mnaita mgogoro wa makao makuu, lakini chini yake kuna kitu hamkisemi. Nani wa bonde, nani wa mlimani, nani wa mjini. Nani baba yake alichimba msingi wa kanisa la kwanza na sasa anaambiwa asafiri kwenda mjini kugongewa muhuri. Bibi yangu alibeba mawe kichwani. Ukimwambia kanisa linahama unamwambia mawe yake hayana thamani. Si ukabila kama wanavyodhani watu wa Dar, maana wote ni Wanyakyusa. Ni ukoo na jasho.

#22 Mnyalu wa Kihesa
Dada #21 hapo umegonga penyewe. Kwetu pia usharika ukigawanywa kuwa mbili, ugomvi wa kwanza ni kengele inabaki wapi.

#23 Jirani Mwanjelwa
Salaam. Mimi Muislamu, samahani kwa kuingilia, nasoma tu huu uzi kama tamthilia. Nauliza swali la jirani. Kwenye misiba yenu huku Mbeya mimi nachimba kaburi, mke wangu anapika, kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana cha mtaa tuko dini zote na mweka hazina ni Mlokole, mkali kuliko benki. Hatujawahi kugombana miaka tisa. Sasa mbona nyinyi wenye Kitabu kimoja mnagombana, na mimi niliye nje nachimba kaburi kwa amani?

#24 Chai ya Rangi
#23 kwa sababu wewe hugombei urithi. Ndugu ndio wanaogombana, jirani anakuja na jembe.

#25 Msabato wa Foresti
Nimesubiri nione kama kuna atakayetutaja kwa wema. Mleta uzi ametaja kwamba walibadilisha siku kwa ajili ya ndugu yetu Msabato. Hapo ndipo umoja ulipo, mbona mmekimbilia Baba Yetu? Familia nzima, Wakatoliki, Wamoravian na walokole, walikaa wakasema huyu mmoja asiumizwe.

Lakini Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama. Mlimaliza saa ngapi?

#26 Kiwira Juu
#25 tulikimbizana na jua ndugu yangu! Mchungaji wa Moravian alipewa dakika tano akachukua ishirini na tano. Kaka alikuwa anatazama magharibi, wingu limefunika, hata jua lenyewe halionekani, anatazama saa. Shada la mwisho liliwekwa saa kumi na mbili kasoro. Akatupa koleo, akanawa mikono kwenye ndoo, akaingia ndani. Hakuna aliyemsema. Nakubali, hilo sikuliona mpaka umelitaja.

#27 Nabii Hapana
Mimi nina swali la mlango wa nyuma. Umoja wa nini? Serikali ni moja lakini vyama viko vingi, soko ni moja vibanda vingi. Kanisa likiwa moja nani atamwambia askofu amekosea? Wamisionari walipokataa wenye wake wengi kanisani, wazee wetu Rungwe walikwenda wapi? Miaka ya 1920 yakaja makanisa ya Waafrika wenyewe kutoka Nyasaland, leo Malawi, yakawapokea mzee na wake zake wote watatu bila kumwambia afukuze wawili. Mgawanyiko ule ulikuwa huruma. Wale wake wawili wangekwenda wapi?

#28 Katekista wa Zamani
#27 una hoja nusu. Nusu nyingine ni kwamba huruma hiyo ikazaa kanisa, kanisa likazaa kanisa, na la mwisho linamfukuza mwanamke kwa kuvaa hereni.

#29 Mwana TEKU
Wadau, mimi Mmoravian, nimesoma hapa Mbeya chuo chenye jina la Askofu Teofilo Kisanji, askofu wetu wa kwanza Mtanzania. Mzee #7 ametaja Herrnhut lakini amekatisha utamu.

Wale wakimbizi wa Herrnhut waligombana kuliko Konde na vibanda vya Fundi ukijumlisha! Kijiji kidogo, watu wametoka huku na huku, Walutheri humo, wafuasi wa Hus humo, wengine wakaanza kumwita Zinzendorf mnyama wa Ufunuo. Akaacha kazi yake ya serikali Dresden, akakaa akipita nyumba kwa nyumba. Wakaandika mapatano ya namna ya kuishi pamoja. Ndipo tarehe 13 Agosti 1727 wakaenda wote kwenye kanisa la kijiji jirani cha Berthelsdorf, kanisa la Kilutheri, wakashiriki meza ya Bwana pamoja, na wakatoka wakilia na kukumbatiana. Tarehe hiyo tunaiadhimisha hadi leo. Kwa hiyo meza ndiyo iliyowaunganisha. Ndugu #8 na #9 wanasema tukubaliane kwanza ndipo tuje mezani. Historia yetu inasema vingine.

#30 Shemasi Mstaafu
Nimerudi. Mwana TEKU, soma ulichoandika mwenyewe: "wakaandika mapatano". Mapatano kwanza, meza baadaye. Umenisaidia mimi.

#31 Mwana TEKU
Mapatano yalikuwa ya namna ya kuishi, si ya mafundisho.

#32 Shemasi Mstaafu
Kuishi ni mafundisho.

#33 Uyole Stendi
Mechi imeanza upya 😂

#34 Mzee wa Kidugala
Niwape kingine ambacho watoto wetu hawafundishwi. Vita ya Kwanza ilipofika huku, Wajerumani wote wakachukuliwa, misheni zikabaki na walimu Waafrika. Waliokuja kusimamia ni Waskochi wa Livingstonia, kutoka Nyasaland, Wapresbiteri. Wakasimamia stesheni za Moravian na za Berlin zote mbili, mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa miaka kadhaa Mmoravian na Mlutheri wa huku walikuwa chini ya mlezi mmoja. Wajerumani wakarudi, kila mmoja akarudishiwa shamba lake na mpaka wake.

Nafasi ilikuwepo. Mnaona?

#35 Binti Busokelo
#34 na katika miaka hiyo ya vita nani alishika kanisa kijijini? Walimu na wanawake. Halafu wakubwa wakarudi wakakuta kanisa lipo hai, wakalirudisha kwenye mafungu.

#36 Chai ya Rangi
Na KKKT yenyewe si imeungana 1961 na uhuru?

#37 Mnyalu wa Kihesa
1963, mwezi Juni. Makanisa saba ya Kilutheri yakawa moja. Kwa hiyo kuungana kunawezekana, tatizo ni kukaa mmeungana.

#38 Mlokole wa Iyunga
Bwana asifiwe. Naona walokole tumetukanwa tangu #12 na tumekaa kimya kwa upole wa Roho 😀

Watu wanasema sisi ndio tuliogawa. Kumbukeni TAG (Tanzania Assemblies of God) ilianza hukuhuku Mbeya, inahesabu kutoka 1939, na 2014 walisherehekea miaka 75 Uwanja wa Sokoine. Hatukushuka juzi na spika. Mimi nilitoka kanisa la wazazi kwa sababu nilikuwa mlevi, na siku niliyoanguka mtaroni Mwanjelwa aliyeniokota hakuwa mzee wa kanisa letu, alikuwa kijana wa uamsho mwenye gitaa bovu. Kama mgawanyiko ndio uliomtuma yule kijana, mimi naushukuru. Na sisi kwetu hatujiiti dhehebu, sisi ni Wakristo tu, wa Kristo.

#39 Shemasi Mstaafu
Mlokole, nakupongeza kwa kutoka mtaroni, sitanii. Lakini soma 1 Wakorintho 1:12 taratibu. Paulo anaorodhesha wagomvi: wa Paulo, wa Apolo, wa Kefa, na wa Kristo. Waliosema "sisi ni wa Kristo tu" nao wamo kwenye orodha ya wagomvi.

#40 Mlokole wa Iyunga
Hilo sikuliona. Nitalipeleka kwenye mafundisho ya Jumatano. Sitasema nimelitoa kwa Mlutheri.

#41 Kijana wa Sinde
Wakubwa wote mmekwepa jambo moja. Siasa. Kwaya yetu haikuvunjika kwa Ekaristi wala sadaka. Ilivunjika mwaka wa uchaguzi, tulipoalikwa kuimba kwenye mkutano wa chama. Wa kijani wakataka twende, wa upande wa pili wakagoma, mwalimu wa kwaya akaambiwa amepokea bahasha. Wote dhehebu moja, sauti ya tatu na ya nne mabenchi tofauti mpaka leo. Jumapili tunaimba pamoja, tukimaliza wanatoka kwa milango miwili. Nendeni mkasome hati za maaskofu mnazotaka, mimi najua mlango upi nitoke.

#42 Nabii Hapana
#41 na hamtarudiana?

#43 Kijana wa Sinde
Mwezi uliopita besi mmoja wa upande ule alifiwa na mtoto. Tulikwenda wote. Tuliimba. Kurudi tukapanda noah mbili.

#44 Katekista wa Zamani
Pole.

Niongeze kwa upande wa huduma, maana picha isiwe giza tupu. Hospitali ya Ikonda kule Makete ni ya Wakonsolata, nenda leo kaulize foleni: Mlutheri wa Bulongwa, Mmoravian wa Mbeya, Muislamu wa Songea. Ilembula ni ya Walutheri, Mkatoliki anajifungulia pale. Na TEC (baraza la maaskofu Wakatoliki) na CCT (jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti) wana tume moja ya huduma za jamii tangu 1992. Kwenye sindano tumeungana zamani. Hata juu ya wokovu wenyewe, Wakatoliki na Walutheri wa dunia walitia sahihi tamko la pamoja Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema. Jambo lile lile lililowatenga enzi za Luther.

#45 Fundi wa Mabati
1999! Na usharika wetu hawajasikia. Mzee wa kanisa wiki jana kasema Wakatoliki wanaokolewa kwa matendo.

#46 Mama wa Makambako
Katekista, nimejifungua watatu Ilembula na mmoja hospitali ya Wakatoliki. Uchungu ni uleule 😀 Lakini kuna ile wiki ya kuombea umoja wa Wakristo, Januari tarehe 18 hadi 25. Kwenye miaka kumi na saba ya ndoa nimealikwa mara moja. Mahubiri mazuri, mapadre na wachungaji wamekaa mbele pamoja, wamepiga picha. Tukatoka, njia panda ipo palepale.

#47 Jirani Mwanjelwa
Mleta uzi, turudi kwenye Baba Yetu. Yule mtoto aliyecheka alikuwa anasema ipi?

#48 Kiwira Juu
#47 swali zuri, nimempigia simu mama yake jioni hii. Mtoto anasoma chekechea ya masista, Jumapili anakwenda na bibi mzaa baba kwa Wamoravian. Mama yake akamwambia asali, nikasikia kwenye simu: "ufalme wako ufike, mapenzi yako yatimizwe". Amechanganya, hajui kama amechanganya.

Nikamuuliza alicheka nini. Akasema alimcheka mjomba, maji ya turubai yalimwingia kwenye kola.

#49 Uyole Stendi
Kwa hiyo uzi wa posti hamsini umeanzishwa na kola ya mjomba 😂😂

#50 Shemasi Mstaafu
Huyo mtoto anyimwe katekesimu mpaka afike miaka thelathini.

#51 Katekista wa Zamani
Shemasi, kwa mara ya kwanza nakuunga mkono.

#52 Kiwira Juu
Asanteni wote, ndaga fijo. Misa ya arobaini ni mwezi ujao. Tumeanza kubishana kwenye kundi la familia nani ataongoza sala baada ya chakula. Kaka Msabato amesema ikiwa Jumapili yeye yupo, analeta kreti tatu za soda, na Baba Yetu tuimbe badala ya kusema, tukiimba tutaendana. Shangazi kajibu: tutaimba kwa maneno yapi?

Hajajibiwa bado.

#53 Fundi wa Mabati
Mkuu, turubai zuri ninalo, lisilotuama maji. Nakodisha. Malipo kabla.

#54 Chai ya Rangi
Samahani nje ya mada, huyu Parachichi yuko Njombe? Kilo shambani shilingi ngapi sasa hivi?

#55 Parachichi
Nipo Rungwe, si Njombe. Na hilo nalo lina mgogoro wake, fungua uzi.